Kumpisha Mama Mkwe Chini ya Majabali

Kwetu Njombe, mtu akikutana na mama mkwe wake njiani, anaingia porini. Haingii kwa mbio. Anaingia taratibu, kama aliyekumbuka shughuli fulani, anaugeukia mti wa karibu na kuukagua kama fundi seremala, mpaka zile nyayo zipite na kuishia. Mama mkwe naye anavuta kitambaa usoni na kutazama upande wa pili wa dunia. Hawali pamoja, hawatazamani, hawasemezani. Likiwapo neno la lazima, unakiambia kitu kilicho karibu. "Ewe mlango, ndama amekata kamba." Na mama mkwe, aliye nyuma ya mlango huo, atakwenda kumfunga ndama kana kwamba ni mlango uliompa habari.

Wazee walituambia kwamba hiyo ndiyo heshima. Mimi, niliyebahatika kusoma hadi chuo kikuu, niliwahi kumwandikia mwalimu wetu Mwingereza insha ndefu ya kuieleza desturi hii, nikatumia maneno ya Kiingereza ambayo hata leo siyaelewi, nikapata alama za mtu wa katikati. Jambo ambalo wazee hawakulisema, wala Mwingereza hakuliuliza, ni kwamba desturi hii haifuatiki mahali pasipo na pori. Hilo nililigundua mwenyewe, nikiwa nimevaa suti.

Ilikuwa miaka ya mwishomwisho ya utawala wa Mwingereza. Nilikuwa nimerudi kutoka Makerere, nafundisha shule ya kati upande wa Yakobi, nina suti moja, tai mbili na posa moja. Posa ilikuwa inakwenda vizuri. Binti mwenyewe alinikubali kwa sharti jepesi. "Sawa," aliniambia, "lakini uache kutembea kama Bwana Shauri wa bomani." Baba yake alikuwa mkulima wa ngano na mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu aliyeamini kwamba kila jambo chini ya jua lina kanuni yake, na kwamba kazi ya mwanadamu ni kuitafuta. Aliikagua posa yangu kwa miezi mitatu kama anayekagua ng'ombe mwenye kikohozi, kisha akaipitisha. Likabaki neno la shangazi.

Katika ukoo ule binti haolewi mpaka shangazi yake aseme, kwa kinywa chake mwenyewe, "Mchukueni." Shangazi alikuwa mmoja tu, dada wa baba mkwe, na alikuwa ameolewa chini kabisa, Ziwa Nyasa, tena si kandokando ya ziwa bali kisiwani. Tulimwandikia barua. Akajibu kwamba macho yake hayasomi posa. Tukampelekea mjumbe. Akamlisha samaki mpaka akasinzia, akamrudisha na maneno ambayo baba mkwe aliyarudia mbele yetu kwa sauti ndogo: "Miaka ishirini na zaidi nipo huku, hakuna aliyekuja kuona ninapoishi. Aje kaka yangu, aje wifi yangu, aje na huyo mwanamume. Wasipokuja, binti na azeeke."

Hapo ndipo uongo wangu wa Makambako uliponikuta.

Kwenda Makerere wakati ule kulihitaji basi, treni na meli, na basi tulilisubiri Makambako, kwenye njia panda, ambako mjomba wangu alikuwa fundi baiskeli. Njia panda ni mahali pazuri pa kusema uongo, kwa sababu anayekusikiliza ataondoka muda si mrefu. Kila likizo nilikaa kwenye mgahawa wa chai ulioelekeana na karakana ya mjomba, nikasimulia jinsi nilivyovuka Ziwa Viktoria. Ukweli ni kwamba Ziwa Viktoria nililivuka nikiwa nimekumbatia ndoo. Baharia mmoja alinihurumia akanifunga kamba kiunoni, nadhani alihofia kwamba nitaingia ndani ya ndoo yenyewe. Lakini chai ilikuwa tamu, baridi ilikuwa kali, na watu walikuwa wamenizunguka. Kwa hiyo likizo ya kwanza nilisimama sitahani dhoruba ikivuma. Likizo ya pili niliogelea kidogo. Likizo ya tatu nilimwokoa mfanyabiashara mmoja mnene pamoja na cherehani yake.

Wasikilizaji wote walipanda mabasi yao wakaenda zao, isipokuwa mjomba. Yeye alikuwa mwenyeji wa njia panda, na alikuwa na tabia ya mafundi: hakutupa kitu. Na ndiye niliyemfanya mshenga wangu.

"Mzee," mjomba alimwambia baba mkwe siku ya kuijadili safari, "maji yasikutie hofu. Huyu mpwa wangu na maji ni ndugu. Mwulize habari ya cherehani."

Baba mkwe hakuogopa chui wala DC, lakini maji yaliyopita magoti aliyaona kuwa ni shauri la samaki. Alinitazama kwa macho mapya. "Kumbe!" alisema. "Basi wewe ndiye utakayetuvusha, mkwe wangu."

Ningeweza kusema ukweli palepale. Badala yake nilikohoa kama Bwana Shauri.

Tulisafiri kwa lori lililotoka Makambako na mabati na chumvi, likapita Njombe alfajiri kuongeza viazi. Mama mkwe alikaa mbele na dereva. Mimi nilipandishwa nyuma kabisa, juu ya magunia, nimegeukia tulikotoka, ili hata dereva akifunga breki ghafla heshima isivunjike. Ndiyo safari pekee maishani mwangu ambamo niliona tu mahali nilipokwisha kupita. Mjomba, pembeni yangu, alikuwa na kibuyu cha ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, amekificha ndani ya koti baba mkwe asikione. Mimi nilipakata zawadi ya shangazi: kuku jike mweupe, kishingo asiye na manyoya shingoni, mwenye macho ya mtu anayesubiri maelezo.

Asubuhi ile umande wa Njombe ulikuwa umeganda majanini, kwa hiyo tulivaa nguo za Njombe. Nilikuwa na suti, sweta ndani ya suti, na koti zito juu ya suti. Hakuna aliyetuambia kwamba joto linakaa palepale barabara inapoanza kuteremka, na kwamba kila kona inaliongeza. Adhuhuri kuku akaanza kuhema kwa mdomo wazi. Lori liliposimama kupoza injini, mjomba akamhurumia, akampeleka mbele kwenye kivuli, kwenye kikapu cha mama mkwe. Muda si mrefu nikasikia kutoka mbele sauti ya mwanamke, ya taratibu na kavu, ambayo sikuwahi kuisikia.

"Ewe kuku, huyo mtu wa nyuma avue koti. Tutamfikisha ameiva."

Nikavua koti. Hivyo ndivyo mimi na mama mkwe tulivyoanza kuzungumza.

Tulilala kwa mwenyeji mmoja kando ya ziwa, na asubuhi tukapanda mtumbwi. Kupanga namna ya kukaa kulichukua muda mrefu kuliko kuvuka kwenyewe. Mwishowe mimi nilikaa mbele nikielekea kisiwani, mama mkwe nyuma akielekea Njombe, na kuku katikati kama karani wa baraza. Baba mkwe alishika ubavu wa kulia na wa kushoto wa mtumbwi kwa wakati mmoja.

"Hawa wamegombana?" mpiga kasia alimwuliza mjomba.

"Wanaheshimiana," mjomba alijibu. "Ni zaidi ya ugomvi."

Tulipofika mbali kidogo baba mkwe akaniita. "Mkwe! Mawimbi haya, wewe mzoefu unayaonaje?"

"Ya kawaida, baba," nilisema. Sikuwa nayaona hata kidogo. Nilikuwa nimefumba macho tangu tulipouacha mchanga.

Sasa, ulanzi ni pombe ya nchi ya baridi. Ukiwa Njombe unachacha kwa adabu. Ukiteremshwa ziwani, ukawekwa juani ndani ya koti la sufu, na kibuyu kimezibwa kwa gunzi, unachacha kwa hasira. Katikati ya maji ukasikika mlipuko. Gunzi lilipita juu ya kichwa cha baba mkwe, na yeye, akiamini kwamba tumegonga mwamba, akaanza kuimba wimbo wa mazishi kwa sauti ya kwanza. Alikuwa ameingia ubeti wa pili ndipo harufu ikamfikia. Akanyamaza. Akageuka pole pole kumtazama mjomba.

"Dawa ya kifua," mjomba alisema, huku povu likimtiririka mkononi.

"Ewe kuku," sauti ikatoka nyuma, "mwambie mwenye kifua kwamba dawa yake imenilowesha mgongo."

Shangazi alikuwa akitungoja akiwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, mikono kiunoni: mwanamke mpana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mawimbi. Baba mkwe alishuka kwa msaada wa watu wawili. Wakasalimiana kwa Kibena, kamwene, kamwene, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kila mmoja akitazama miguu ya mwenzake. Kisha shangazi akamfuta kaka yake povu begani kwa kiganja.

"Umezeeka vibaya," alisema.

"Nimekuja," alisema baba mkwe.

"Nakuona. Basi hatukai. Samaki wako jikoni, na samaki hawana haraka tena. Kwanza mtatembea, mwone."

Alichotaka tuone ni fukwe zake. Upande wa nyumba kisiwa kilikuwa kama kilima chochote, kina mihogo na mbuzi. Upande wa pili kilikatika ghafla, kama mkate, kikaangukia ziwani kwa majabali marefu ya rangi ya kutu, na chini kabisa ya majabali hayo palikuwa na vifukwe vidogo vya mawe na changarawe, kila kimoja kimetengwa na mwenzake kwa pua ya mwamba. Mikuyu ilikuwa imeota kwenye nyufa huko juu, mizizi ikining'inia kama kamba za kengele. Maji yalikuwa safi kiasi kwamba samaki wadogo wa buluu walionekana kama wanaelea hewani. Haya nayaeleza vizuri kwa sababu niliyaona baadaye. Wakati ule, kama nitakavyoeleza, sikuona kitu.

Shangazi alikuwa amempa kila mtu wa nyumbani kifukwe chake. "Nilipoletwa huku sikuwa na wa kuongea naye," alituambia, bila huzuni yoyote, kama anayeelekeza njia. "Kwa hiyo nikawagawia. Nikitaka kumsema mtu, nakwenda kwake namsema. Huyu hapa ni kaka."

Kifukwe cha baba mkwe kilikuwa cha mawe makubwa ya mviringo yaliyojipanga safu kwa safu, bila kivuli hata cha kuwekea kofia. Baba mkwe alizihesabu safu zile.

"Kimenyooka," alisema mwishowe, ameridhika.

"Ndiyo," shangazi alisema. "Na hakikaliki."

Cha pili kilikuwa cha marehemu mama yao: changarawe laini, na maji matamu yanayodondoka tone tone kutoka ukutani. Pale baba mkwe alivua kofia. Cha tatu kilikuwa cha mwalimu aliyewafundisha kusoma. Hicho kilikuwa pango lenye mwangwi, kila ukisema jambo linakurudia mara tatu.

Shida ilikuwa mama mkwe. Vifukwe vile vilikuwa vyembamba. Nyuma ukuta, mbele ziwa. Hapakuwa na pori, wala kichaka, wala jani moja la kujibanza. Ilitubidi tutunge utaratibu: tukiingia, mimi natazama ukuta na yeye anatazama maji, tukitoka, mimi natangulia bila kugeuka na yeye anahesabu hatua thelathini kabla ya kufuata. Kwa sababu hiyo, katika mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kufika, niliona mwamba tu, kwa umbali wa pua yangu. Konokono mmoja nilimfahamu kabisa.

Na kila tulipofika shangazi alinigeukia mimi. Nilielewa maana yake. Mama yule alikuwa na neno moja kifuani, "Mchukueni," na bila neno hilo nisingeoa; na kabla ya kulitoa alikuwa anapima kama sisi watu wa juu tuna macho.

"Wewe uliyesoma," alisema kwenye lile pango. "Sema kitu basi."

Nilikuwa uso kwa uso na ukuta. "Panapendeza, shangazi," nilisema. "Panafanana na... panafanana na Yakobi, ila pameloa."

Pameloa, pameloa, pameloa, likasema pango.

Nilimsikia shangazi akishusha pumzi. Mjomba akaona posa inazama, akajitosa. "Usimlaumu, dada yangu. Mtu anayeyajua maji sana huwa hayasifii. Ni kama fundi na baiskeli."

"Anayajua maji?"

"Mwulize habari ya cherehani."

"Nitamwuliza," shangazi alisema, kwa namna ambayo haikunipendeza.

Kifukwe cha mwisho kilikuwa cha wifi yake. Mama mkwe aliposikia hivyo alisahau hatua zake thelathini. "Mimi?" alisema. "Wifi, nilidhani mimi hunikumbuki."

"Ulinisindikiza mpaka mtoni," shangazi alisema. "Wengine walirudia mlangoni."

Ili kukifikia ilibidi kuizunguka pua ya jabali kwa kupita juu ya ukingo wa jiwe, mwembamba kama benchi la kanisani, ukuta upande mmoja na maji upande mwingine. Wanawake walitangulia, mama mkwe na kikapu cha kuku kichwani, maana shangazi alituonya kwamba kenge wa kisiwa kile wana mapenzi mabaya na kuku, na mwavuli mkononi kwa ajili ya jua. Sisi wanaume tungengoja warudi, ndipo twende. Ulikuwa mpango mzuri na hakuna aliyeuharibu ila mimi.

Tulingoja. Hawakurudi. Baba mkwe alisogea kwenye ukingo, akachungulia maji, akarudi nyuma hatua tatu.

"Mkwe," alisema, "njia hii ni salama kwa mtu wa umri wangu?"

"Ngoja baba niipime," nilisema.

Najiuliza mpaka leo ni nani aliyesema maneno yale. Lakini miguu ilikuwa yangu. Nilipanda kwenye ukingo na viatu vyangu vya ngozi, nikabandika mgongo ukutani na kwenda ubavu ubavu kama kaa. Chini yangu maji yalikuwa safi mno, na hilo ndilo lililonitisha: niliona kila jiwe huko chini, na niliamini kwamba kitu unachokiona vizuri namna ile lazima kiwe mbali sana. Nikafumba macho. Nilikuwa katikati kabisa ya pua ya mwamba niliposikia, karibu na sikio langu, kuku akikohoa.

Nikafumbua. Mama mkwe alikuwa mbele yangu, karibu kiasi cha kuazimana kiberiti, mkono mmoja kwenye kikapu na mwingine kwenye mwavuli, hana hata wa kuvutia kitambaa. Kwa mara ya kwanza niliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mchumba wangu, umekaa tu juani kwa muda mrefu zaidi.

Kichwa changu kilikuwa cha Makerere, lakini miguu ilikuwa ya Njombe. Miguu haikuuliza. Ilifanya anavyofanya mtu wa kwetu mwenye malezi akikutana na mama mkwe njiani: iligeuka pembeni kwa utulivu, kama iliyokumbuka shughuli fulani, ikaingia porini.

Pori lilikuwa la baridi. Lilinifunika kichwa, likaingia puani, likanijaza suti. Niliibuka nikapiga kelele, nikazama, nikaibuka, nikamwita mama yangu mzazi, nikamwita mjomba, nikawaita wanafunzi wa darasa la sita kwa majina. Ndipo kitu kikanikamata ukosi kwa nyuma, kigumu, chenye umbo la ndoano, kikanivuta. Ulikuwa mpini wa mwavuli.

"Ewe kuku," sauti ilisema juu yangu, bila haraka, "mwambie huyo mtu aache kupiga mateke. Nimemshika."

Niliendelea kupiga mateke.

"Ewe kuku, mwambie asimame."

"Siwezi kusimama!" nilimlilia kuku.

"Mwambie ajaribu."

Nikajaribu. Nikasimama. Maji yalinifika kiunoni.

Baba mkwe na mjomba walikuwa wamekuja hadi mwanzo wa ukingo, shangazi ametokea upande wa pili, na wote walinikuta hivyo: nimesimama ziwani katika suti, samaki wa buluu wakinichunguza viatu, na mpini wa mwavuli ungali ukosini. Tulitoka wote hadi kifukwe cha baba mkwe, kile kisicho na kivuli, na hapo kesi ikasikilizwa.

"Umemgusa?" baba mkwe alimwuliza mkewe.

"Ewe kuku, mwambie mume wangu nimegusa mwavuli."

"Mwavuli ni wako."

"Mwavuli ulikuwa wa mama yako."

Baba mkwe aliizunguka hoja hiyo, akatembea huku na huku juu ya mawe yake, akaipata kanuni nyingine, na uso ukambadilika. Hakuwa anatania, sijawahi kumwona akitania. "Tatizo si kugusa," alisema. "Tatizo ni maji. Mtu amezama. Mwanamke amemtoa majini akiwa hai, analia. Mnajua hilo linaitwaje?"

"Kuzaa," alisema baba mkwe. "Huyu sasa ni mwanetu. Na kama ni mwanetu, atamwoaje dada yake?"

Niliwaza kucheka, kisha nikaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Kwetu jambo kama hilo likishasemwa mbele ya mashahidi linaweza kukaa miaka. Nilimwona mchumba wangu huko Njombe akizeeka kwa ajili ya suti iliyoloa.

"Labda," mjomba alisema kwa kusaidia, "tumrudishe majini, tuanze upya."

Ndipo mama mkwe akatua kikapu. Akavuta kitambaa mpaka kikamfunika macho, akamwinamia kuku, akasema polepole ili asikose hata neno moja:

"Ewe kuku. Nimezaa watoto saba. Waambie hakuna hata mmoja aliyetoka akiwa amevaa tai."

Shangazi alikaa chini. Hakukaa kwa hiari, kicheko kilimkalisha. Alicheka akipiga jiwe kwa kiganja, jabali likacheka naye, mjomba akapata pa kuingilia, na mwisho baba mkwe mwenyewe akageukia ziwa, mabega yakimtikisika. Alipotugeukia tena alikuwa na uso wa mzee wa kanisa. "Ni kweli," alisema. "Tai inabadili jambo."

Nikadhani tumemaliza. Shangazi akajifuta macho kwa upindo wa nguo, akanitazama. "Sasa wewe. Kuogelea unajua?"

Ningeweza kukohoa. Lakini mtu aliyeokolewa kwenye maji ya kiunoni hana tena mahali pa kuweka kikohozi cha Bwana Shauri. "Sijui, shangazi," nilisema. "Ziwa Viktoria nililivuka na ndoo. Nilitapika tangu Mwanza mpaka mwisho."

"Na cherehani?"

"Hapakuwa na cherehani."

Aliyeumia zaidi alikuwa mjomba. "Hapakuwa?" alisema. "Mimi nimeisimulia cherehani ile Makambako nzima! Watu wamelia!"

"Kuhusu uongo," alianza baba mkwe, "kanuni iko wazi..."

"Kaka, nyamaza kidogo," shangazi alisema. "Kila mtu wa kutoka huko juu aliyepita hapa amekuja na koti lake akaniambia haogopi maji. Kisha harudi tena. Huyu ni wa kwanza kuniambia anaogopa." Akaninyooshea kidole. "Kifukwe cha wifi umekiona?"

"Sijakiona. Sikufika."

"Vingine umeviona?"

"Nimeona ukuta, shangazi. Nilikuwa nampa heshima mama."

"Basi vua viatu, uende ukaone. Wifi atatazama mbuzi wale kule juu. Usipoona, sisemi neno, na mtarudi kama mlivyokuja."

Nilikwenda peku, suruali ikinidondosha maji, macho wazi. Kuanguka sasa hakukunitisha tena, kina nilikwisha kukipima. Nyuma ya pua ya jabali kile kifukwe kilikuwa kidogo kama uwanja wa nyumba, cha changarawe nyeupe na za waridi, mkuyu mmoja ukikitilia kivuli, na mwamba umekikumbatia pande zote kiasi kwamba mawimbi yalifika pale yamechoka na kulala. Mtu alikuwa ameweka jiwe bapa la kukalia. Karibu nalo palikuwa na la pili, na hilo la pili halikuwa na dalili ya kukaliwa, limeota ukungu wa kijani. Nilikaa kwenye changarawe. Nikatazama mpaka nikamsikia mjomba akiniita kwa wasiwasi, akidhani nimezama tena.

Niliporudi wote walikuwa wananitazama, isipokuwa mama mkwe, aliyekuwa anawatazama mbuzi.

"Haya?" shangazi alisema.

"Shangazi," nilisema, "ningejua pako hivi, ningeangukia upande ule."

Shangazi alimgeukia kaka yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba apewe chumvi, "Mchukueni."

Tulikula samaki jioni ile, mimi nikiwa ndani ya shuka ya mume wa shangazi, suti ikiwa imeanikwa juu ya mawe ya baba mkwe, naye akaenda mara mbili kuhakikisha kwamba imenyooka. Kabla ya jua kuzama nilimwona mama mkwe na shangazi wakielekea tena kule kwenye pua ya jabali, wamebeba kitambaa cha kufutia lile jiwe la pili.

Zawadi haikupokelewa. Nilipomkabidhi shangazi kuku, alimwangalia, akanirudishia. "Huyu ana kazi," alisema. Tukapanda naye Njombe. Alikaa uani kwa mama mkwe miaka mingi kuliko inavyoruhusiwa kwa kuku, akanona, akazeeka, akapoteza jicho moja, na hakuna aliyethubutu kumgusa, hata sikukuu, hata siku alipokuja mchungaji na hapakuwa na mboga. Kwa kinywa chake niliambiwa mke wangu amejifungua salama. Kwa kinywa chake niliulizwa kwa nini sijakarabati paa. Alipokufa nilifikiri kwamba mimi na mama mkwe tutanyamaza.

Lakini safari ya kwanza baada ya hapo, nilipoingia uani kwake katikati ya mvua za Aprili, nikiwa nimeinamisha kichwa kwa heshima na sioni niendako, nilisikia ile sauti kavu kutoka barazani.

"Ewe mwavuli, mwambie huyo mtu kuna dimbwi mbele yake. Akianguka, asimame."